Mnyama: Hakuna

Bi Mgeni alikuwa amemficha paka ndani ya sufuria la pilau, kisha akaketi juu ya mfuniko wake, miguu ameinyoosha, shanga za tasbihi mkononi.

"Shikamoo, bibi," Kibibi alisema akiwa mlangoni, tundu la chuma amelining'iniza mkono wa kushoto.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Ila kama umekuja kutafuta paka, umepoteza safari."

"Kinusi kinasema yupo."

"Kinusi kina wazimu. Jana nimekaanga vibua, labda ndiyo harufu hiyo."

Juu ya mlango kinusi kilikuwa kimewasha taa nyekundu. Kilikuwa kisahani tu cha bati, hakizidi kile cha kuwekea kikombe cha chai, na kila nyumba ya Tanga yenye mja mzito au mtoto wa chini ya miaka saba ilifungiwa kimoja. Kila robo saa kilivuta hewa ya chumba na kuitafuta ile protini ndogo sana ambayo paka huiacha kwenye manyoya anapojilamba, ambayo hukauka, ikapeperuka, ikaingia vifuani mwa watu. Taa ya kijani, nyumba ni salama. Ya njano, jihadharini. Ikiwa nyekundu, Idara ya Pumzi inatuma mtu. Kwa eneo lote la Majumba Marefu mtu huyo alikuwa Kibibi Mbaruku, mwanamke wa miaka hamsini, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa, tangu Sheria ya Pumzi ilipoanza kutumika.

Sufuria likatoa sauti: nyau.

"Tumbo langu hilo," Bi Mgeni akasema, hata kope hakupepesa.

Kibibi aliuma midomo asicheke. "Bibi, inuka, tafadhali. Mkamwana wako ana mimba ya miezi sita. Unataka mjukuu azaliwe na pumu?"

"Mimi nimezaa saba, na paka wakizaa uvunguni mwa kitanda kile kile nilichozalia. Nitajie mmoja katika wanangu aliyewahi kubanwa kifua. Haya, nitajie!"

Maneno hayo Kibibi alikuwa ameyasikia katika kila nyumba, na jibu lake alifundishwa siku ya kwanza ya kazi: zamani watu hawakupimwa, kwa hiyo hawakujua. Akalitoa jibu hilo kwa upole. Bi Mgeni akainuka shingo upande, akafunua mwenyewe, akamtoa paka kwa mikono yake miwili. Alikuwa kijipaka cha kijivu, chembamba, sikio moja limechanika.

"Mmewamaliza paka mji mzima," bibi akamwambia walipofika ngazini, "na watoto ndiyo kwanza wanapiga miluzi vifuani. Sasa mtaondoa nini? Sisi vizee?"

Kibibi akaendelea kushuka. Ukiwajibu wazee katika kazi ile, hutoki.

*

Ofisini alikuta barua ya mkuu wake, Daktari Semhando, juu ya rundo la faili. Kinusi kipya kilikuwa tayari. Hiki kilinusa mbwa, mbuzi, kuku na njiwa pia, na mwezi ujao kingeanza kufungwa nchi nzima, mpaka vijijini ambako mbuzi hulala chumba kimoja na watu. Wabunge walitaka jambo moja tu kabla ya kupiga kura: mmoja wa makarani waliokusanya takwimu za mwanzo athibitishe kwa sahihi yake kwamba takwimu zile ni za kweli. Makarani hao walikuwa sita. Watatu walikwishafariki, wawili walihamia ng'ambo. Alibaki Kibibi.

Hakuona ugumu wowote. Alikuwa na fahari na kazi ile. Miaka ishirini na tatu iliyopita, akiwa na mtoto mmoja wa miaka minne, alizunguka vichochoro vya mji wake kwa jua kali akiuliza maswali ya Utafiti wa Nyumba Elfu Tano. Matokeo yake kila mtu aliyajua, hata watoto wa shule waliyaimba: nyumba zinazofuga paka zina watoto wenye pumu mara tatu zaidi ya nyumba zisizofuga. Sheria ilizaliwa hapo.

Lakini kwa kuwa Kibibi si mtu wa kutia sahihi asichokisoma, alifungua faili zake mwenyewe, nyumba mia nne na kumi na saba, aziangalie moja moja.

Siku zile kila karani alipewa kishikwambi kilichopiga picha ya chumba cha mtoto, ili mashine ikadirie ukubwa wa madirisha. Madirisha yakapimwa, na baada ya hapo hakuna aliyezitazama zile picha.

Nyumba ya kwanza. *Mnyama: hakuna.* Katika picha mtoto amelala kitandani, na paka mweupe amejikunja miguuni pake.

Nyumba ya pili. *Mnyama: hakuna.* Picha: paka watatu kwenye kizingiti, wanagombea vichwa vya samaki kwenye bakuli.

Nyumba ya tano. *Mnyama: hakuna.* Picha: kabati liko wazi, na juu ya kanga zilizokunjwa paka ananyonyesha watoto wake.

Lo! Kibibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwandiko ulikuwa wake.

Na hakuwa amedanganya, wallahi. Angekuwa amedanganya pengine angeumia kidogo zaidi ya hapo au kidogo chini ya hapo, lakini angejua ajilaumu kwa lipi. Alikumbuka vizuri kabisa alivyouliza: nyumba hii inafuga mnyama? Mama mwenye nyumba akamjibu hatufugi, huku paka akijisugua kwenye miguu yao wote wawili, naye akaandika hakuna, akaendelea na swali la nane. Katika vichochoro vile paka hakuwa na mwenyewe. Alikuja, akala, akalala alipotaka, akazaa kabatini mwa watu, akaenda zake. Nani angesema anamfuga? Watu walifuga ng'ombe, walifuga kuku. Paka walikuwepo tu, kama jua lilivyokuwepo. Karani mgeni kutoka mbali angeuliza: na huyu je? Kibibi hakuuliza, kwa sababu kwao pia walikuwepo watatu, na kama angejihoji mwenyewe angejiandikia hakuna.

Waliojibu ndiyo walikuwa wachache, watu wa nyumba za viyoyozi, waliomnunua paka dukani, wakampa jina na mkufu, wakamfungia ndani pamoja na mazulia mazito na madirisha ambayo hayakufunguliwa mwaka mzima. Watoto wa nyumba hizo ndio waliokuwa wakibanwa vifua.

Chakula cha mchana hakukila. Alihesabu picha mpaka macho yakamwuma. Nyumba zilizoandikwa hakuna zilikuwa mia tatu tisini na sita, na mia tatu na kumi na moja kati yake zilionyesha paka ndani. Watoto waliolala na paka ndio waliopumua vizuri kuliko wote. Labda ni paka mwenyewe, aliyekizoesha kifua cha mtoto tangu utotoni kisishtuke ovyo. Labda ni madirisha wazi, au vumbi la uani. Yeye hakuwa daktari, na takwimu za namna ile hazisemi sababu. Ila kilichosemwa na sheria hazikukisema kamwe.

Hapo akamkumbuka mjukuu wake Shani.

Miaka saba iliyopita binti yake Mwanamvua, akiwa na mimba ya Shani, aliokota paka gatini akamficha jikoni. Taa ikawaka. Kibibi akaomba aende yeye, ili mwanawe asiaibishwe na mkaguzi mwingine. Mwanamvua alilia, akasema yeye mwenyewe amekua akilala na paka na hajawahi kukohoa. Kibibi akampa lile jibu la kwamba zamani watu hawakupimwa. Shani alipotimiza miaka miwili kifua kilimbana kwa mara ya kwanza, akawa wa buluu midomo, na tangu siku hiyo pampu ya dawa haitoki mfukoni mwa mama yake.

Na sasa Mwanamvua alikuwa na mimba nyingine, amebakiza mwezi mmoja.

*

Daktari Semhando alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza hata mara moja. Kibibi alitegemea ashangae, au angalau akasirike.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, Daktari."

"Picha hizo nimeziona miaka minane iliyopita."

 Kibibi akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa. "Miaka minane! Nawe ukatuacha tuzunguke na matundu?"

"Nisikilize, Bi Kibibi. Mtoto ambaye kifua chake kimeshaharibika, ukimwekea paka chumbani unamwua. Hilo halina mjadala, tumelipima na kulirudia. Na watoto wa namna hiyo hapa mjini ni mmoja katika kila watatu. Wewe ukisimama leo ukatangaza kwamba paka hana kosa, watu wetu unawajua. Kesho kila nyumba ina paka wawili. Kesho kutwa tunazika. Shani wako utamweka wapi?"

"Na tukinyamaza? Hawa wanaozaliwa?"

"Wanaozaliwa watapewa pampu."

"Ebo! Ndilo jibu hilo?"

"Sina jingine. Kama unalo, nipe."

 Kilichomkera Kibibi zaidi ni kwamba mtu yule hakuwa anasema uongo. Kusema kungewaua waliokwisha kuugua, kunyamaza kungewaletea ugonjwa wale ambao bado. Kutoka katika kinywa cha mtu mwingine angeweza kusema ni hila za wakubwa, lakini alikuwa amemshika Shani mara nyingi mno, usiku na mchana, akihesabu pumzi zake. Hata hivyo, badala ya kunyamaza, kulikuwa na kusema pole pole: nyumba kwa nyumba, mgonjwa kando, mzima kando. Kazi ngumu, ya miaka. Yeye angeiweza, kwani milango yote ile aliijua.

Akatoa barua aliyoiandika, inayoeleza kosa la swali la saba na kuomba utafiti urudiwe. Semhando akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Barua nzuri. Itaundiwa kamati, na kamati itaomba muda. Tuseme miaka miwili, mambo yakienda mbio. Binti yako anajifungua lini?"



"Mwezi ujao, nadhani," Daktari akajijibu mwenyewe. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi nyeupe, ngumu, akaiweka katikati yao. "Hiki ni kibali cha utafiti. Ukikichomeka kwenye kinusi, kinaacha kumtambua paka, taa inabaki kijani. Mjukuu wako azaliwe amkute paka ndani, kama wewe na mimi tulivyomkuta. Wewe nitilie sahihi, ukitaka barua yako nayo iende, iende. Mimi sitaizuia."

Kadi ilikuwa ni namba kumi na mbili.

"Na zile kumi na moja za kwanza ziko wapi?" Kibibi aliuliza, ingawa alikwishajua.

"Unadhani ni wewe tu mwenye damu yako? Mwanangu wa kwanza hatoki nje bila pampu. Wa pili, tuliyemlea na paka, anacheza mpira mvua na jua." Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama mtu anayekuelekeza duka lenye mchele mzuri.

Kibibi angeweza kuinuka. Miguu ilikuwa yake, mdomo wake, na milango mia nne ya Majumba Marefu ilikuwa inamfahamu kwa jina. Angeweza kuichana ile kadi mbele ya macho yake, na kweli mkono wake uliigusa kwa nia hiyo. Lakini alipoigusa alikiona kitoto ambacho bado hakijazaliwa, midomo ya buluu, na mkono ukafunga juu ya kadi badala ya kuichana.

Akatia sahihi. Barua yake akaiacha juu ya meza, naye hakugeuka kuona kama imepelekwa popote.

*

"Kibali hiki kina jina la nani?" Mwanamvua aliuliza.

Ilikuwa saa kumi jioni, nyumbani kwa Mwanamvua, na kadi ilikuwa imekwishachomekwa kwenye kinusi. Paka alikuwa sakafuni, jike mwenye madoa meusi, ananusa miguu ya meza. Kibibi alikuwa ameeleza yote, fomu, picha, sahihi, na kwamba Shani angehamia kwake, bila kujitetea, na binti yake alikuwa amesikiliza amejishika kiuno kwa uzito wa mimba.

"La mtoto aliye tumboni mwako."

"Na Rehani wa hapo chini? Ana mimba ya miezi mitano. Wa kwake ana kibali?"

"Hana, mwanangu."

"Asubuhi alinipitia. Akaniambia, mama yako ndiye tegemeo letu, anatulindia watoto." Mwanamvua alicheka kicheko kibaya. "Nimwambie nini nikikutana naye ngazini? Nimwambie wangu atapumua, wako tutamletea pampu?"

"Usimwambie kitu. Watakunyang'anya kadi."

"Lo, Mama! Mara ya kwanza umekuja ukamchukua paka, ukaniharibia mtoto. Leo umekuja ukamleta paka, na unataka ninyamaze. Kila mara unanichagulia wewe, na kila mara unanambia ni kwa upendo."

"Ni kwa upendo," Kibibi alisema, na machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa kweli na haikusaidia kitu.

"Basi mrudishe."

Kibibi akainama amshike paka. Kabla hajamfikia, Mwanamvua akaweka mkono juu ya tumbo lake, pale mtoto alipopiga teke, akaketi. Paka alikuwa anakwaruza mkeka.

"Mwache," Mwanamvua alisema. "Mungu anisamehe. Mwache."

Mlango ukafunguliwa, Shani akaingia kutoka shule, mkoba mgongoni, viatu mkononi. Alikuwa hajawahi kumwona paka ila vitabuni. Akapiga kelele za furaha, akapiga magoti, akamkumbatia kabla yeyote hajamzuia.

"Shani! Mwachie! Mwachie upesi!"

Haikuchukua dakika tano. Mtoto alianza kukohoa, kisha ule mluzi ukaanza kifuani, mwembamba, wa juu. Mama yake akatoa pampu, mara moja, mara mbili, huku Kibibi akimvuta kuelekea dirishani. Shani alikuwa ananyoosha kidole kule juu ya mlango, macho yamemtoka.

"Taa," akasema katikati ya pumzi, "taa ni ya kijani. Mbona nakohoa?"

 Shuleni walikuwa wamemfundisha wimbo, kijani ni salama, naye alikuwa mtoto anayesadiki anachofundishwa.

Alipotulia, walimpeleka nje kwenye ujia wa ghorofa, wakafunga mlango nyuma yao. Mwanamvua alirudi ndani peke yake akakusanya nguo za binti yake: sare mbili za shule, kanga ya kulalia, mswaki, na pampu ya akiba. Alivipanga polepole, akatoka, akamkabidhi mama yake mfuko bila kumtazama usoni.

"Utakaa kwa Bibi," akamwambia Shani, akimfunga kifungo cha juu kilichokuwa kimefungwa tayari. "Kwa Bibi kuna hewa nzuri. Nami nitakuwa nakuja kukuona."

"Siku ngapi?"

"Mpaka mdogo wako akue kidogo."

"Akue mpaka lini? Akianza kutembea?"

"Zaidi kidogo, mama."

Shani alifikiri. Alikuwa na miaka sita, na hesabu alikuwa anaijua. "Kwa hiyo paka anabaki," akasema, "mimi ndiye naondoka?"

Mwanamvua akaingia ndani, akafunga mlango. Walimsikia akilia upande wa pili, akijaribu asisikike.

"Bibi, nimekosa nini?"

Kibibi alichutama akamshika mabega yote mawili. "Hujakosa kitu, mjukuu wangu. Hata kidogo. Aliyekosa ni mimi."

"Basi mbona ninayehamishwa ni mimi?"

 Kibibi akaubeba mfuko, akamshika mkono, wakaanza kushuka. Jengo lilikuwa na ghorofa nne, na kila ghorofa walisimama, Shani apate pumzi.